Mama Thelathini, Fundi wa Kuzitia Homoni Alama

Marehemu tunayemzika leo alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, saa kumi na moja na dakika tano alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Saa hiyo aliiandika baba yake mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumbishia, maana alikuwa fundi saa. Marehemu alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Nyumbani tulimwita Dada Mkubwa, kazini aliitwa Mama Thelathini, na jina hilo la pili litaelezwa. Anayesoma wasifu huu ni mdogo wake wa mwisho, karani wa mahakama mstaafu, mtu aliyezoea kuandika kilichosemwa na kuacha kisichosemwa. Kama sauti yake ni kavu, mvumilieni. Marehemu ndiye aliyemchagua, na alikuwa anamjua.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa reli kuanzia 1955 hadi 1962, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1966. Akiwa kidato cha pili alimwambia mwalimu wa kemia mbele ya darasa zima kwamba mizani yake inadanganya. Alipewa adhabu ya kufagia uwanja wiki mbili. Wiki ya pili mwalimu akaipima mizani, akakuta kweli inadanganya, akaitengeneza kimyakimya, na adhabu hakuifuta. Dada Mkubwa alisimulia kisa hicho kwa miaka hamsini, na kila mara alikasirika upya kana kwamba fagio bado liko mkononi. Mwaka 1967 alijiunga na chuo cha ufundi wa maabara. Darasa lilikuwa na watu thelathini na mmoja, wasichana wawili tu. Alimaliza Desemba 1969, wa tatu kwa alama.

Tarehe 3 Februari 1970 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara katika idara ya fiziolojia ya chuo kikuu, na hapo alikaa miaka thelathini na minane. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya chini, mlango wenye alama ya njano na taa nyekundu juu yake. Taa ikiwaka, hakuna kufungua. Ndani mlikuwa na kabati la kuvuta hewa, ukuta mdogo wa matofali ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, sinki moja, na mashine ya kuhesabia mionzi iliyolia tik tik tik mchana kutwa. Kazi yake ilikuwa kuzitia homoni alama. Homoni ni kitu kidogo mno kinachosafiri kwenye damu kupeleka maagizo, na ukishaidunga mwilini huwezi kujua imeishia wapi. Basi inafungwa chembe ya iodini yenye mionzi, kama mfugaji anavyomfunga mbuzi kengele, na kokote iendako mashine inaisikia. Hivyo watafiti wakapata kujua homoni inadumu kwenye damu dakika ngapi, inaingia ini au figo, na inatoka lini.

Iodini ilikuja kwa ndege mara moja kwa mwezi, ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole gumba, ndani ya chungu cha risasi, ndani ya kopo, ndani ya boksi. Siku ikifika alivua saa na pete, akavaa glavu mbili mbili. Tone la homoni, tone la iodini, kisha tone la dawa ya kuziunganisha, na hapo hesabu inaanza. Sekunde thelathini. Zikipungua, alama haishiki. Zikizidi, ile dawa inaichoma homoni yenyewe, na homoni iliyoungua haisafiri mwilini kama nzima. Zikitimia, anatia tone la kusimamisha. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya mgongo wake na mikono yote miwili ilikuwa na shughuli, kwa hiyo alihesabu kwa mdomo, kwa sauti, na ukipita koridoni ulimsikia. Ndiyo asili ya jina Mama Thelathini. Wenzake walimzushia kwamba hata chai huikoroga mara thelathini. Yeye alisema huo ni uongo mtupu, ni mara kumi na mbili.

Mume wake alimpata kwa sababu ya yale matofali. Mwaka 1974 meza ya chumbani mwake ilikatika miguu kwa uzito wa risasi, akaitwa seremala. Marehemu akamwambia, "Fundi, hayo matofali usibebe mawili kwa pamoja." Seremala akamtazama yule mwanamke mwembamba wa koti jeupe, akabeba matatu. Mgongo wake haujakaa sawa mpaka leo. Alirudi mara nne kuiangalia meza ambayo haikuwa na tatizo lolote, na Jumamosi ya tarehe 20 Desemba 1975 walifunga ndoa. Binti yao alizaliwa 1977, na kijana wao 1980. Kila mimba ilipojulikana, marehemu aliondolewa chumba chenye mionzi na kuwekwa ofisini kupanga karatasi, na kila mara alilalamika kwamba karatasi ndizo zingemuua.

Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, aliogopa ile kazi kama nini. Alikuwa anamwambia, "Mwanangu, osha mikono kwanza ndiyo umshike mtoto." Marehemu aliosha. "Osha tena." Akaosha tena. Siku moja akampeleka kazini, akamwonyesha jinsi wanavyompima shingo kila mwezi, kwa sababu iodini ikiingia mwilini hukimbilia shingoni. Mama mkwe akataka apimwe na yeye. Alipoambiwa yuko salama alirudi nyumbani anatembea kifua mbele, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyewaelimisha majirani.

Sasa tufike penyewe. Mwezi Aprili mwaka huu marehemu alimkabidhi mdogo wake bahasha. Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja, mwandiko wake mwenyewe, na juu ameandika: "Kosa la tarehe 9 Novemba 1983 lisomwe lote. Usilipake rangi." Binti yake alipouona alikataa katakata. "Mjomba," alisema, "watu wanakuja kumuaga mama. Hawaji kusikiliza kesi." Walibishana jioni nzima, na hakuna aliyemshawishi mwenzake. Lakini agizo ni agizo, na linasomwa.

Jumatano hiyo, tarehe 9 Novemba 1983, marehemu alikuwa anaitia alama homoni ya insulini kwa ajili ya mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, kijana wa miaka ishirini na minane ambaye marehemu alimwita Mwanafunzi, na akaendelea kumwita hivyo hata alipokuwa profesa mwenye upara. Mwanafunzi alitaka kujua kama mimba inabadilisha muda ambao insulini inadumu kwenye damu, na alikuwa anawapima mbuzi. Wale wasio na mimba alikuwa amewadunga Oktoba, kwa chupa ya Oktoba. Wenye mimba walisubiri chupa ya Novemba. Marehemu alitia dawa, akaanza kuhesabu. Alipofika kumi na kitu, mtu mmoja alifungua mlango huku taa inawaka, akauliza jambo, akajibiwa, akafunga. Marehemu akaendelea kuhesabu. Ila hakujua tena aliachia wapi. Huenda zilikuwa arobaini, huenda zilikuwa sitini. Alipochuja ile homoni na kuisoma kwenye mashine, aliona kivimbe pembeni mwa mchoro, mahali ambapo siku zote palikuwa tambarare. Iodini nyingine isingekuja mpaka mwezi unaofuata. Akajiambia si kitu. Na kwenye daftari, penye muda, akaandika: sekunde 30.

Mbuzi wenye mimba wakadungwa kwa chupa hiyo. Insulini ikatoweka kwenye damu yao haraka mara mbili kuliko kawaida. Idara nzima ikashangilia. Marehemu hakushangilia, maana alishajua ni kwa nini. Homoni iliyoungua, ini huizoa haraka. Na alinyamaza miezi kumi na mitano. Mwenyewe ameandika: "Nilikula, nikalala, nikacheka na watu." Tasnifu ikaandikwa, makala ikakubaliwa na jarida, Mwanafunzi akapata nafasi ya kwenda kusoma zaidi ng'ambo. Alimletea marehemu ukurasa wa shukrani amsomee, na jina la marehemu lilikuwa la pili, baada ya la mama mzazi wa Mwanafunzi.

Kilichomshinda ni daktari wa wodi ya wazazi. Mwishoni mwa Januari 1985 daktari huyo alipita idarani kuomba zile takwimu. Alikuwa na wajawazito wenye kisukari, na kama kweli insulini inatoweka haraka hivyo wakati wa mimba, alisema, basi amekuwa anawapa kidogo mno, inabidi aongeze dozi. Marehemu alikuwa pale pale anapanga vichupa. Hakula siku mbili. Siku ya tatu alimfuata mume wake karakanani, akamweleza yote. Mume wake alizima msumeno, akafikiri sana, akasema, "Lakini mke wangu, hao mbuzi si walishachinjwa? Nani atashtaki?" Akamjibu, "Wajawazito hawajachinjwa."

Jumatatu, tarehe 4 Februari 1985, saa tatu asubuhi, aliingia ofisini kwa mkuu wa idara. Mwanafunzi aliitwa akaketi. Marehemu alisimama, akafungua daftari, akaweka kidole penye 30, akasema, "Hii nimeidanganya." Hakumung'unya maneno. Mkuu wa idara akamuuliza ilikuwaje akapotea hesabu. Akajibu, "Mlango ulifunguliwa." Mkuu akauliza, "Na nani?" Akasema, "Sikugeuka kuangalia." Mwanafunzi alisema jambo moja tu: "Dada, sema unanitania." Dada hakuwa anatania.

Makala iliondolewa. Tasnifu ikarudishwa. Nafasi ya ng'ambo alipewa mtu mwingine. Mkuu wa idara alisema, na ni haki iandikwe, kwamba mbuzi wote walipaswa kudungwa kutoka chupa moja, na kwamba hilo halikuwa kosa la fundi. Mwanafunzi alirudia kazi yote kwa mbuzi kumi na wanne, chupa moja, na tofauti yote ikayeyuka. Alipata shahada yake 1987, kwa matokeo ambayo hayakumsisimua mtu. Daktari wa wodi ya wazazi hakuongeza dozi. Marehemu alipewa barua ya onyo, akaosha vyombo vya maabara miezi sita, na cheo cha fundi mkuu, alichokuwa amebakiza hatua moja kukifikia, hakukipata maisha yake yote. Siku aliyopewa barua alikuja kwa mdogo wake, akaiweka mezani, akasema anasikia njaa.

Mwaka 1989 Mwanafunzi akawa mkuu wa maabara ile ile. Jambo la kwanza alilofanya ni kuweka komeo kwa ndani kwenye mlango wenye taa nyekundu, na kuamuru kwamba kila homoni inapotiwa alama kuwe na mtu wa pili humo ndani, ameshika saa ya kuhesabia sekunde, na asaini daftarini. Mtu huyo wa pili alikuwa yeye mwenyewe. Miaka kumi na tisa, kila mwezi, profesa mzima alisimama nyuma ya fundi wake na saa mkononi. Sisi wa nyumbani iliturusha roho. Mdogo wake alimwambia, "Dada, huyu mtu anakudhalilisha. Hama." Marehemu akasema kazi inataka watu wawili, basi. Mara moja tu Mwanafunzi alikuwa na wageni, akamtuma mtu kumwambia, "Dada, anza tu, mimi nakuamini." Akarudishiwa jibu: "Sikumuuliza hilo. Aje afunge komeo." Akaacha wageni, akaja.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2008. Mwaka 2016 miguu ilianza kuvimba, na uchunguzi ukaonyesha moyo umepanuka. Tuliwahi kuwasikia wanaonong'ona kwamba ni ile mionzi iliyomla. Daktari wake ameandika ni moyo, na muhuri upo. Beji za kupimia mionzi alizovaa kifuani zilipimwa kila mwezi wa kazi yake, na majibu yote yamo kwenye faili ambalo mdogo wake amelisoma kurasa zote. Jeneza lake halina kitu cha kumdhuru mtu. Anayetaka kulibeba abebe bila wasiwasi.

Katika miaka yake miwili ya mwisho Mwanafunzi, ambaye naye alikuwa ameshastaafu, alikuja kumtazama kila Alhamisi saa kumi alasiri. Aliketi kiti cha karibu na dirisha, wakazungumza habari za maabara: nani kahama, mashine ipi imekufa, vijana wa siku hizi wanavyoagiza homoni zikiwa zimeshatiwa alama tayari kama wananunua sabuni. Akiondoka, marehemu alikuwa anacheka peke yake kitambo. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 12 Mei 2019, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mume wake akiwa anampozea chai. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Programu mliyo nayo mkononi inaishia karibu na hapo. Ilichapwa Jumatano. Kinachofuata kimeandikwa kwa mkono, na mtaelewa kwa nini.

Kwa mazoea ya mahakamani, mtu akitajwa lazima apewe nafasi ya kusikia alichotajiwa. Kwa hiyo jana asubuhi mdogo wa marehemu alimpelekea Mwanafunzi nakala nyumbani kwake. Aliisoma akiwa amesimama sebuleni, mpaka mwisho, kisha akarudi nyuma, akaweka kidole.

"Karani, hapa pamekosewa."

"Wapi?"

"Hapa. 'Mtu mmoja alifungua mlango.' Mtu huyo ni mimi."

Akaketi. Akasema mbuzi walikuwa wameshafungwa uani, sindano ziko tayari, akaona fundi anachelewa. Taa aliiona. Alifungua hivyo hivyo, akasema, "Dada, bado tu?" Na marehemu, bila kugeuka, akamjibu, "Mwanafunzi, funga mlango."

"Kwa hiyo alikujua," mdogo wa marehemu alisema.

"Alinijua kwa sauti. Na mimi nilikuwepo ofisini alipoulizwa ni nani."

"Ukanyamaza."

"Nilisubiri anitaje. Hakunitaja. Kesho yake nikaona nimechelewa. Mwaka uliofuata ikawa aibu. Halafu nikawa mkuu wake. Nimepoteza miaka miwili, watu wamenionea huruma, na yeye ameosha vyombo."

"Na hizo Alhamisi?"

"Kila Alhamisi nilikuja kusema. Nikifika ananiuliza habari za maabara. Najibu. Muda unakwisha, naaga."

Mdogo wa marehemu ameandika maelezo ya watu wengi katika kazi yake, na hajawahi kupandwa na hasira akiwa na kalamu mkononi. Jana alipandwa. Aliandika neno kwa neno, akamsomea, akampa kalamu, naye akasaini. Marehemu alisema, "Sikugeuka kuangalia." Kwa macho ya mahakama huo si uongo, kwa kuwa kweli hakugeuka. Aliliona kosa lake akalibeba lote, na la mwenzake akamwachia mwenyewe alichukue atakapoweza. Alimpa miaka thelathini na nne, na Alhamisi zaidi ya tisini. Hazikutosha.

Mwanafunzi ameomba haya yasomwe mbele yake. Yupo, mstari wa tatu, mwenye koti la kijivu. Mdogo wa marehemu alitaka abaki huko huko. Lakini jana jioni, binti wa marehemu, yule yule aliyekataa kosa la mama yake kusomwa, alizisoma zile karatasi za mkono mara mbili, akajifuta macho, akasema, "Mjomba, mama alishaamua kitambo. Sisi ni nani? Na aje akae na sisi."

Basi iandikwe hivi. Marehemu ameacha mume, mtoto wa kike mmoja na wa kiume mmoja, wajukuu wanne, wadogo zake watatu walio hai, na Mwanafunzi, ambaye anaombwa sasa ainuke aje mbele, kiti chake kipo.

Dada Mkubwa, yamesomwa yote, na yale ambayo hukuyaandika. Lala, dada yetu, na amani iwe nawe.